Magari ya Kale Kando ya Ziwa Siljan

Wengi wenu mliposikia ya kuwa nalikwenda Uswidi mwaka 2024 kuutembelea ushirika ulio rafiki wa ushirika wetu, mlinitazamia nilete habari za makanisa yao na nyimbo zao. Habari hizo naliwaandikia mwezi uliopita. Leo nataka kuwaelezeni jambo jingine, ambalo sikulitafuta, na tena nalikuwa karibu kulikataa: maonyesho ya motokaa za kale.

Katika jimbo la Dalarna uko mji mdogo uitwao Rättvik, kando ya ziwa Siljan. Nyumba nyingi za huko ni za mbao, zimepakwa rangi nyekundu itokanayo na mgodi wa shaba wa Falun. Kila mwaka, mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, mji huu huwa na juma zima la magari ya kale, nalo laitwa Classic Car Week. Watu hutoka pande zote za Uswidi, na wengine Norwe, Ufini na Denmarki, wakiendesha magari yao wenyewe. Mji husongwa na magari hata mtu wa miguu hupata taabu kuvuka njia.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa miaka karibu themanini, fundi aliyestaafu. Kwao hata mkubwa huitwa kwa jina lake tu, bila neno la heshima mbele, na mtoto mdogo humwita babu wa jirani kwa jina. Ulimi wangu ulikataa kabisa. Nikamwita Mzee, naye akacheka na kulipokea jina hilo. Jumatatu asubuhi aliniambia, “Leo twende tukaone magari.” Nami nikamjibu kwa adabu kwamba sikuja Ulaya kutazama magari, huku kwetu yako ya kutosha, na mengi ni mabovu. Akasema, “Basi twende kwanza kanisani.”

Kanisa la Rättvik ni jeupe, li kando ya maji, na asili yake ni ya karne ya 13. Ubavuni mwake naliona vibanda vya magogo meusi, zaidi ya 80, vimepangwa safu safu. Nalidhani ni maghala. Kumbe ni mazizi ya farasi. Zamani usharika ule ulikuwa mpana mno, na watu walikuja ibadani kutoka mbali: wengine kwa mashua ndefu za makasia, wengine kwa farasi. Kila ukoo au kijiji kilikuwa na zizi lake la kumfungia farasi mpaka mahubiri yaishe. Mzee akagonga mlango mmoja kwa kidole, akasema, “Hapa ndipo babu zetu walipoegesha.” Kisha akaelekeza kidole barabarani, magari yalikokuwa yakinguruma, akasema, “Na wale ndio wajukuu wao.”

Hivyo nikanaswa, nikaenda.

Mambo niliyoyaona siku ile hayana hesabu. Yalipita magari ya Marekani ya miaka ya 1950, marefu kama mitumbwi ya wavuvi, yenye kung'aa kwa madini meupe mbele na nyuma. Naliona Cadillac ya mwaka 1959, iliyo na mapezi mawili nyuma kama papa, marefu kuliko ya gari jingine lo lote la wakati ule, na katika kila pezi taa mbili nyekundu zilizochongoka. Mapezi yale hayana kazi yo yote. Hayalisaidii gari kwenda wala kusimama. Nikamwambia Mzee, “Hiki ni kiburi cha chuma.” Akajibu, “Ndiyo, kabisa,” akaendelea kulitazama kwa furaha.

Halafu yalikuwapo magari yaliyogeuzwa. Moja limekatwa nguzo za paa, paa likashushwa hata madirisha yakawa membamba kama tundu la sanduku la sadaka. Jingine limelazwa chini hata kuku asingeweza kupita uvunguni. Jingine kwa nje ni gari la kale la Kiswidi, lakini ukifunua boneti waona injini kubwa ya Marekani ya silinda nane. Tena yako yaliyoachwa makusudi na kutu yake yote, viti vimepasuka, vijana wamejaa ndani na muziki unatikisa vioo. Hayo huyaita kwa lugha yao pilsnerbil, yaani gari la bia, na jina hilo si la bure. Sitaki kuwaficha: walevi walikuwapo. Lakini sheria ya Uswidi juu ya dereva ni kali. Tangu mwaka 1990 kiasi cha kileo katika damu yake kikifika sehemu 0.2 katika elfu moja, ni kosa la kushtakiwa. Kwa hiyo katika kila gari la namna ile yuko kijana mmoja asiyekunywa, naye kwa kawaida ndiye mwenye uso wa huzuni.

Nikauliza kama kila mtu anaweza kulikata gari apendavyo na kuliingiza barabarani. La. Chama cha wajenzi wa magari, kiitwacho SFRO, kina wakaguzi wake, na gari lililogeuzwa sana lazima lipimwe nao: breki, usukani, fremu, mahali palipochomelewa. Mzee aliniambia kwamba wakaguzi hao ni mafundi wenyewe, nao hawadanganyiki kwa rangi nzuri.

Sasa nieleze habari za watu wenyewe, maana naliwadhania kuwa matajiri wenye kuchezea mali. Wako wa namna hiyo. Lakini mwanzo wa jambo hili haukuwa kwa matajiri. Vita vya 1939–1945 havikuingia Uswidi, viwanda vyake havikubomolewa, na baada ya vita kazi zilikuwa nyingi. Vijana wa mashambani na wana wa wafanyakazi wa viwanda wakapata mshahara, wakanunua magari makubwa ya Marekani yaliyokwisha kutumika, wakaanza kuzunguka mijini jioni. Waliitwa raggare. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 wazee wa mji waliwaogopa na magazeti yaliwasema vibaya, na ugomvi na ulevi kweli ulikuwapo. Mama aliyekuwa na binti alifunga mlango mapema. Na sasa wale raggare ni babu wenye mvi. Naliwaona wamekaa juu ya viti vya kukunja kando ya magari yao, wanakunywa kahawa, na wake zao wanafuma soksi.

Mzee mwenyewe hakuwa na Cadillac. Gari lake ni Volvo Duett ya mwaka 1957. Magari ya namna hiyo yalitengenezwa tangu 1953 hata 1969, na jina lake maana yake ni mambo mawili pamoja: siku za juma gari la kazi, siku ya Jumapili gari la jamaa. Baba yake, aliyekuwa mkulima na seremala, alilinunua likiwa jipya. Siku sita lilibeba mbao. Jumamosi jioni alilifagia maranda, akarudisha kiti cha nyuma, na asubuhi akapakia mke na watoto kwenda ibadani. Baba alipofariki gari lilitupwa nyuma ya ghala, likakaa miaka mingi, theluji ikilifunika na kuyeyuka, hata sakafu ikaoza yote. Mzee alipolitoa, mti mdogo ulikuwa umeota ndani, ukapenya mahali pa miguu ya abiria.

Alilitengeneza muda wa miaka tisa, wakati wa baridi tu. Alikata chuma kilichooza kipande kwa kipande, akapima kwa karatasi, akakata bati jipya, akalipinda kwa nyundo juu ya gogo, akalichomelea, akalipiga msasa. Akaniinamisha nitazame chini ya gari, nipapase kwa mkono. Sikuona kiungo. Akasema, “Mahali pasipoonekana ndipo nilipotumia siku nyingi kuliko popote.”

Twaliingia tukaenda polepole katika safu ya magari. Nami nalijikuta nimekwenda upande wa kushoto kushika mlango wa abiria, kumbe abiria hukaa kushoto kwetu na kulia kwao. Mzee akaniambia ya kuwa zamani wao nao walipita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, ingawa usukani wa magari yao mengi ulikuwa kushoto vilevile. Tarehe 3 Septemba 1967, alfajiri, nchi nzima ilisimamisha magari, yakahamia upande wa kulia, na saa kumi na moja kamili yakaendelea. Alikuwa kijana wakati ule, akaenda kusimama njiani atazame kama watagongana. Hawakugongana.

Tukapita mbele ya safu ya Volvo za mgongo wa mviringo, PV444 na PV544. Mzee akapunguza mwendo, akaniuliza, “Ninyi watu wa Afrika ya Mashariki si ndio mliotuonyesha nguvu ya gari hili?” Sikujua anasema nini. Ndipo akanieleza, na mimi nikaona haya kufundishwa habari za kwetu na mtu wa theluji. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya pamoja na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari kwa PV544, tena si gari jipya, bali lililokuwa limekwisha kutumika. Mwaka mmoja kabla yake Mswidi Erik Carlsson alikuwa wa pili katika mashindano yale yale kwa Saab ndogo. Mzee alizijua njia za Safari kwa majina kuliko mimi. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza kazi katika gereji ya baba yake.

Baada ya hapo Mzee alinyamaza kitambo. Tulipofika ufukoni, karibu na gati refu la mbao linaloingia ziwani mita 628, alizima injini, akasema, “Ndugu yangu mkubwa alikufa katika PV444.”

Ilikuwa mwaka 1962. Ndugu alikuwa na miaka ishirini, naye Mzee kumi na saba. Walitoka ngomani usiku, barabara ina barafu, gari likateleza likapiga mti. Mwendo haukuwa mkubwa. Ndugu alirushwa mbele juu ya usukani. Gari lenyewe liliharibika kidogo tu, hata mtu mmoja akaja kutaka kulinunua. Jambo lililomwuma Mzee maisha yake yote ni hili. Tangu mwaka 1959 mhandisi wa Volvo, jina lake Nils Bohlin, alikuwa amekwisha kutengeneza mkanda wa usalama unaoshika mahali patatu, begani na pande mbili za kiuno, nayo Volvo ikaanza kuutia katika magari yake mapya, tena ikawaachia watengenezaji wote wautumie bila malipo. Mkanda ulikuwapo madukani. Ndugu yake alisema ni kitu cha waoga. “Nami nalicheka pamoja naye,” akasema Mzee.

Kwa sababu hiyo Duett ile ina mikanda kila kiti, ijapokuwa haikutoka nayo kiwandani. Wapenzi wengine wa magari ya kale humlaumu, husema ameliharibia gari uasili wake. Huwasikiliza, halafu huenda zake.

Tulipokuwa tumekaa pale alikuja mjukuu wake, binti wa miaka kumi na mitano, akiendesha kitu cha ajabu. Mbele ni Volvo ya miaka ya 1980, nyuma imekatwa ikatiwa sanduku la mizigo, na mgongoni imebandikwa pembetatu nyekundu. Kwa sheria kitu hicho si motokaa, ni trekta. Asili yake ni ya wakati wa vita, nayo naipenda kuisimulia. Petroli ilikosekana hata magari yaliendeshwa kwa gesi ya kuni na makaa, yakibeba tanuri zao. Trekta nazo zilikuwa haba na ghali. Basi mwaka 1940 serikali ikatoa kanuni kwamba mkulima aweza kuligeuza gari kuukuu kuwa trekta. Watu wakakata magari mabovu nyuma, wakafunga giaboksi mbili moja nyuma ya nyingine ili mwendo uwe mdogo na nguvu iwe kubwa. Wakayaita EPA, jina la maduka ya bei rahisi ya siku zile, kwa dhihaka. Trekta za kweli zilipozidi, vijana wa vijijini wakagundua ya kuwa trekta huendeshwa kabla ya umri wa motokaa, ambao kwao ni miaka 18. Serikali ilijaribu kuzikomesha, wazazi na vijana wa mashambani wakakataa, maana shule i mbali na basi ni moja kwa siku. Mwaka 1975 zikaandikiwa kanuni mpya: mwendo usipite kilometa 30 kwa saa. Mwaka 2020 kanuni zililegezwa, zikaongezeka sana, na ajali nazo zikaongezeka, kwa kuwa watoto walipakiana hata nyuma katika sanduku. Mwaka 2023 ikaamriwa kila abiria awe na kiti na mkanda.

Binti yule alikuwa amekata na kuchomelea mwenyewe, babu akimsimamia. Mikono yake ilikuwa na alama za moto.

Ndipo Mzee akaniuliza, “Na wewe, Mwalimu, mwanao hufanya kazi gani?”

Ndugu wasomaji, niwaambie kweli. Kijana wangu alimaliza kidato cha nne, akakataa kuendelea na chuo nilichomtafutia, akaenda kushika spana kwa fundi mmoja wa mjini. Muda wa mwaka mzima nalikuwa simwiti mezani mpaka abadili nguo, na wageni wakiniuliza habari zake nalisema, “Anajitafuta.” Kwa Mzee nikajibu vivyo hivyo, kwa sauti ndogo: ni fundi wa magari tu. Yule mzee akaruka katika kiti chake. Akauliza mambo kumi kwa pamoja. Aweza kunyoosha bati kwa nyundo? Achomelea kwa gesi au kwa umeme? Wakikosa kipuri hufanyaje, hukitengeneza wenyewe? Nikajibu kwamba mara nyingi hukitengeneza wenyewe, kwa kuwa hawana njia nyingine. Akamgeukia mjukuu wake akamweleza kwa Kiswidi, naye binti akanitazama kwa heshima ambayo haikuwa yangu. Maswali mengine yote sikuweza kuyajibu. Naliona kwamba sijui mwanangu hufanya nini kutwa.

Mzee akasema, “Katika kanisa lenu mwamsimulia Seremala kila Jumapili. Mbona wamwonea haya fundi?” Sikupata la kujibu, nikatazama ziwa. Jua la huko wakati ule huchwa karibu na saa nne za usiku, hivyo nalikuwa na nafasi ndefu ya kulitazama.

Kabla sijaondoka alinipa karatasi. Alikuwa amechora kwa kalamu ya risasi jinsi ya kufunga mkanda wa usalama katika gari lisilo nao: bolti isishikwe na bati la sakafu peke yake, maana siku ya ajali itang'oka nalo, lazima nyuma yake uwe na bamba la chuma nene, pana kama kiganja, na mahali penyewe pasiwe na kutu. Vipimo vyote viliandikwa kwa milimita. Akasema, “Mpe fundi.”

Nalifika nyumbani Jumamosi. Kijana alikuja jioni, mikono myeusi kama kawaida, akataka kupitia uani akaoge kwanza. Nikamwita aketi kama alivyo. Aliitazama karatasi muda mrefu, haelewi Kiswidi wala neno moja, lakini michoro aliielewa yote, akanionyesha kosa moja dogo ambalo baadaye Mzee alilikiri katika barua. Kisha akaniuliza ile Duett ilikuwa na fremu chini, au bodi yenyewe ndiyo iliyobeba injini. Nikasema sijui. Akasema, “Baba, ulikaa ndani yake na hukutazama?” Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima tukicheka pamoja. (Ina fremu. Tuliuliza.)

Mnaijua Land Rover ya usharika wetu. Viti vya nyuma havikuwa na mikanda tangu tulipoinunua. Baraza la wazee lilisema hakuna fedha. Kijana na bwana wake walipata mikanda minne katika gari dogo lililopinduka na kuuzwa kwa vipande, wakachagua ile ambayo haikuwa imevutwa katika ajali, wakakata mabamba, wakatoboa, wakafunga kwa siku mbili, bila kudai ujira ila nauli na chai. Mwenyekiti wa wanawake ndiye aliyepanda kwanza, kwenda kwenye mkutano wa jimbo. Akauvuta mkanda, akautazama, akalalamika kwamba utamkunjia kitenge kipya kabla hajafika mbele za watu.

“Shikamoo, mama,” kijana akamwambia, akimfungia polepole. “Kitenge tutakipiga pasi huko huko.”